Nani Aliyehesabu Tulichokiacha?

Ndugu wananchi, tumeulizwa mara nyingi, na watu wenye nia njema, kwa nini kundi la mageuzi lijishughulishe na biashara ya nje. Kazi yenu, tunaambiwa, ni kura, katiba na mahakama. Habari za forodha na mikataba waachieni wenye shahada za uchumi. Jibu letu ni fupi. Kifungu 2A cha katiba ya zamani, kilichoifanya Kenya nchi ya chama kimoja kisheria tangu 1982 hadi Desemba 1991, kilipigwa vita na wananchi waliotaka kuulizwa kabla ya kuamuliwa. Na hakuna jambo linaloamuliwa kimyakimya zaidi kuliko hili: nchi yetu iuze nini kwa wageni, inunue nini kwao, na ili kuuza kile, iache kufanya nini.

Anayesimama kando ya barabara ya Namanga hapa Kisaju kwa asubuhi moja anaweza kujisomea biashara ya mataifa bila kitabu. Kutoka kusini huja malori ya mahindi, vitunguu na mchele wa Tanzania, na malori ya ng'ombe waliobanana ubavu kwa ubavu. Kutoka kaskazini huteremka saruji ya Athi River, mabati, sabuni na mafuta ya kupikia. Hupita pia magari yenye mitambo ya baridi yakiyakimbiza maua ya waridi kwenye uwanja wa ndege. Na pande zote mbili za barabara, mpaka jicho linapokoma, kuna nyua za mawe na seng'enge zilizozunguka viwanja vitupu ambamo hamna ng'ombe, hamna hindi wala waridi. Tutavirudia viwanja hivyo.

Wenye shahada wanayo kanuni moja ambayo huitaja kila tunapouliza swali, na huitaja kwa namna ya kutunyamazisha. Huiita faida linganishi. Sisi hatuiogopi kanuni hiyo. Tumeisoma, na tunaamini ni ya kweli. Shida yetu ni na wanaoitumia nusu.

Mwaka 1817 Mwingereza David Ricardo alitoa mfano wa Uingereza na Ureno. Nchini Uingereza, alisema, kiasi fulani cha kitambaa kilihitaji kazi ya watu 100 kwa mwaka mmoja, na kiasi fulani cha mvinyo watu 120. Nchini Ureno kitambaa kile kile kilihitaji watu 90, na mvinyo ule watu 80. Mreno alimshinda Mwingereza kwa yote mawili. Akili ya haraka ingesema kwamba Mreno hana haja ya kununua chochote kwa Mwingereza. Ricardo akaonyesha kwamba anayo haja: kila Mreno anayefuma kitambaa ameacha kukamua zabibu, na kule kwenye zabibu ndiko nguvu yake inakozaa zaidi. Kwa hiyo bei ya kweli ya kitambaa cha Mreno ni mvinyo ambao hakuutengeneza.

Tuulete mfano huo nyumbani, kwa hesabu ya kudhania tu. Tuseme jamaa moja ya Kisaju, kwa ardhi yake na nguvu yake ya mwaka, inaweza kukuza maksai 10 au kuvuna magunia 20 ya mahindi. Jamaa nyingine karibu na Babati, Tanzania, yaweza kukuza maksai 12 au kuvuna magunia 60. Jamaa ya Babati inatushinda kwa yote. Lakini tuulize kila mmoja anaacha nini. Hapa kwetu maksai mmoja hugharimu magunia 2 ambayo hatukuyavuna. Kule Babati maksai mmoja hugharimu magunia 5. Basi maksai wetu ni rahisi kuliko wao, na mahindi yao ni rahisi kuliko yetu. Tukikutana Namanga tukabadilishana maksai mmoja kwa magunia 3, sisi tumepata gunia moja zaidi ya yale 2 tuliyoyaacha, nao wamepata maksai kwa magunia 3 badala ya 5. Hakuna aliyemwibia mwenzake. Wanauchumi huita kile kilichoachwa gharama ya fursa. Wazee wetu walilijua jambo hilo kabla ya Ricardo, kwani mshika mbili moja humponyoka. Ricardo alifundisha tu jinsi ya kuchagua ile itakayoponyoka.

Kwa sababu tunaiamini kanuni hii, hatuna ushirika na wale wanaopiga kelele mpaka ufungwe kila bei inaposhuka. Mpaka wa Namanga umewahi kufungwa. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 Tanzania iliufunga, na ukakaa hivyo hadi 1983. Mmaasai mwenye shangazi upande wa pili hakuhitaji mtaalamu kumweleza hasara. Jumuiya ikafufuliwa kwa mkataba wa Novemba 1999, umoja wa forodha ukaanza 2005, na mwaka 2018 marais wa nchi mbili wakafungua pale Namanga kituo cha pamoja ili lori likaguliwe mara moja. Hata hivyo tabia ya kale haikufa. Mwaka 2017 serikali ya Tanzania ilikamata na kupiga mnada zaidi ya ng'ombe 1,300 wa wafugaji waliovuka kutoka Kenya kutafuta malisho, kisha ikateketeza vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kwa njia ya Namanga. Machi 2021 ikawa zamu yetu: serikali ya Kenya ilipiga marufuku mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, malori yakakwama mpakani, na siku chache baadaye marufuku ikalegezwa kwa masharti. Sumukuvu ni hatari ya kweli, na haulizi mahindi yamevunwa upande gani wa mpaka. Lakini amri inayotolewa kwa barua ya siku moja, ikafunga riziki ya wachuuzi wa nchi tatu, kisha ikalegezwa kabla ya wiki kwisha, haikupimwa na mtu yeyote.

Tumekubali kanuni, sasa tuiulize swali ambalo wanaoitaja hawataki kulisikia. Katika ule mfano wetu wa maksai na mahindi, anayeacha na anayepata ni jamaa ile ile. Inajua ilichokiacha kwa sababu ghala lake li tupu, na inajua ilichokipata kwa sababu gunia limeshushwa mlangoni. Je, anayeamua akiwa mmoja, anayeacha akiwa mwingine, na anayepata akiwa wa tatu? Hesabu huwa ya nani? Asiyekuwepo na lake halipo, nasi tumekuwa hatupo kwa muda mrefu.

Chukueni habari ya nyama. Kama kuna kitu ambacho nyika hizi za Kaputiei zilijaliwa, ni mnyama. Udongo wetu mweusi hupasuka wakati wa kiangazi na kunasa magurudumu wakati wa masika. Mvua huja ikipenda. Mahindi ya Kisaju hufaulu mwaka mmoja yakawa mabua ya kulishia ndama mwaka unaofuata. Lakini nyasi zake hunenepesha, soko la Nairobi liko karibu, na barabara na reli hupita Athi River. Ndiyo maana Tume ya Nyama ya Kenya, iliyoundwa mwaka 1950, iliweka kichinjio chake kikubwa pale Athi River. Ilichinja, ikagandisha, ikatia nyama ya makopo, ikauza ng'ambo. Tume hiyo haikuwa malaika: ilizaliwa katika ukoloni, na kwa miaka mingi bei zake zilimpendeza mwenye ranchi kubwa kuliko mfugaji wa boma. Pamoja na hayo ilikuwa mnunuzi wa mwisho. Kiangazi kilipobana, palikuwa na mahali pa kumpeleka mnyama angali anatembea.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kichinjio hicho kilifungwa, kikiwa kimeelemewa na madeni na usimamizi mbaya. Kilifunguliwa tena mwaka 2006, na mwaka 2020 kikahamishiwa Wizara ya Ulinzi kwa agizo la serikali. Katika miaka ile ya kufungwa hapakutolewa mbele ya wafugaji hesabu ya kile nchi ilichokuwa inakiacha. Ukame wa 2009 ulipofika, na ule wa 2022, mizoga ililala kando ya barabara hii kutoka Isinya hadi Bissil. Wapo waliosema kwamba mizoga hiyo ni ushahidi kwamba ufugaji umepitwa na wakati. Sisi twasema mzoga ni maksai aliyekosa mnunuzi miezi mitatu mapema.

Tuangalie wenzetu wa Botswana, nchi kame, yenye ng'ombe wachache kuliko Kenya. Mkataba wa Lomé wa mwaka 1975, kati ya Ulaya na nchi za Afrika, Karibiani na Pasifiki, uliambatana na mpango wa kuingiza nyama ya ng'ombe Ulaya kwa ushuru uliopunguzwa. Mgao wa Botswana ulifikia tani 18,916 kwa mwaka. Mgao wa Kenya ulikuwa tani 142. Tukikisia kilo 140 za nyama kwa kila mnyama, hao ni ng'ombe elfu moja hivi kwa mwaka mzima, kwa nchi nzima. Tofauti hiyo haikutoka kwa Mungu. Mungu hakuwapa Watswana nyasi bora kuliko za Kaputiei. Botswana ilijenga vichinjio, ikaajiri madaktari wa mifugo, ikagawa nchi kwa kanda na kuzuia ugonjwa wa midomo na kwato usitoke kanda moja kwenda nyingine. Faida linganishi, basi, yaweza kutengenezwa kwa bajeti na kuuawa kwa uzembe, na mambo ya bajeti na uzembe ni mambo ya siasa.

Wala hatufichi upande wa pili. Zile kanda za Botswana zilitengwa kwa nyua ndefu, na miaka ya ukame maelfu ya nyumbu walikufa kwenye seng'enge wakitafuta maji. Hiyo nayo ilikuwa gharama ya fursa, na sisi tunaoishi na pundamilia nyuma ya boma hatuwezi kuipuuza. Huenda Wakenya, wakiulizwa, wangesema: bei hiyo hatuilipi. Lingekuwa jibu la heshima. Lakini Kenya haikukataa bei hiyo baada ya kuijadili. Ilikosa nyama ya kuuza, na nyua ikazijenga vilevile.

Je, fedha za kuokoa kichinjio cha Athi River zilikosekana? Wananchi wenye kumbukumbu watacheka kwa uchungu. Katika miaka ile ile ya mwanzo wa 1990, serikali ilikuwa ikilipa fidia kwa wanaouza bidhaa nje ya nchi. Nia ya sheria ilikuwa njema: muuzaji wa nje alipwe asilimia 20 ya thamani ya alichouza ili apate nguvu ya kushindana. Ikaja kampuni iitwayo Goldenberg, ikapewa asilimia 35, kwa kuuza nje dhahabu na almasi. Ndugu wananchi, dhahabu ya Kenya ilikuwa ya kubahatisha, na almasi hatukuwa tukichimba hata punje. Tume ya Jaji Bosire, iliyoundwa 2003 na kutoa ripoti yake 2006, ilifuatilia mabilioni ya shilingi yaliyozungushwa kwa hila hiyo na zilizoifuata. Shilingi ikaanguka vibaya mwaka 1993, na bei ya unga ikapanda juu ya kichwa cha mlalahoi.

Wengi huitaja Goldenberg kama wizi, na ulikuwa wizi. Sisi tunaomba itazamwe pia kama somo la biashara ya mataifa. Nchi iliyokuwa na ng'ombe ililipa watu kwa kuuza almasi ambazo haina, na ilichokiacha ni kila kitu ambacho fedha zile zingefanya: majokofu, chanjo, visima, walimu. Hila hiyo ilifaulu kwa kuwa hesabu zilifungiwa kabatini. Alizifungua karani mmoja wa Benki Kuu, David Munyakei, aliyewapa wabunge wa upinzani nyaraka. Akakamatwa, akapoteza kazi, na akafariki mwaka 2006 bila kurudishiwa jasho lake. Kama upinzani usingekuwa na viti Bungeni baada ya uchaguzi wa 1992, karatasi zile angempelekea nani? Anayetuuliza demokrasia inahusianaje na mauzo ya nje, na ajibu swali hilo kwanza.

Sasa turudi kwenye vile viwanja. Ardhi hii ilikuwa ranchi za vikundi, zilizoandikishwa chini ya sheria ya mwaka 1968. Kuanzia miaka ya 1980 zikakatwakatwa, kila mwanachama akapewa hatimiliki yake, na serikali ikasifu jambo hilo kuwa ndiyo maendeleo. Kisha ekari zikaanza kuuzwa, kumi kwa kumi, mpaka sehemu nyingine zikafikia futi 50 kwa 100. Mtaalamu wa Nairobi hutuambia: hiyo ndiyo faida linganishi yenyewe! Ardhi iliyo karibu na jiji haifai kulishwa ng'ombe. Ng'ombe na watoke Tanzania, wenye mifugo mingi kuliko ninyi, nanyi fanyeni kitu chenye thamani zaidi.

Tungemsikiliza, kama kitu hicho chenye thamani zaidi kingeonekana. Mreno wa Ricardo aliacha kitambaa akashika zabibu. Sisi tumeacha maksai tukashika nini? Zipo nyumba, zipo shule, na huko Kitengela wafanyakazi wa viwanda vya Athi River wamepanga vyumba, hayo tunayakubali. Lakini hesabuni nyua zisizo na nyumba. Kiwanja kilichozungushiwa seng'enge na kuachwa kingoje bei ipande hakiuzi kitu nje, hakilishi mtu ndani, hakiajiri hata mchungaji. Ni akiba ya mtu anayekaa mbali, imefukiwa katika malisho yetu. Kanuni ya Ricardo haina jina la kitu kama hicho. Ng'ombe wa Tanzania hupita mbele ya viwanja vitupu kwenda kuchinjwa Kiserian na Dagoretti, na aliyekuwa mfugaji huketi langoni akiwa bawabu wa ardhi iliyokuwa ya baba yake.

Hapo tusijisafishe. Ardhi haikuporwa yote. Nyingi iliuzwa, na iliuzwa na wazee wetu, kwa kalamu zao. Mzee aliuza kwa sababu ya karo, ya hospitali, ya pikipiki, na wakati mwingine ya pombe. Mama hakuulizwa, kwani jina lake kwa kawaida halikuwamo katika daftari la ranchi. Vijana walipata habari walipomwona mpima ardhi akipigilia vigingi. Yaani hata boma limekuwa na chama chake kimoja, mwenyekiti wake wa maisha, na maamuzi yake ya usiku. Na waliobeba gharama ya kilichoachwa ni wale ambao hawakuwepo kalamu iliposhikwa. Tukiwalaumu mawaziri kwa kutia saini mikataba gizani, tukumbuke ni wapi tulipojifunza kuvumilia jambo hilo.

Ricardo mwenyewe alidhani mtu anaweza kutoka kwenye kitambaa akaenda kwenye mvinyo bila kupotea njiani. Katika nchi yenye mvinyo wa kuendea, labda. Ekari iliyokatwa vipande 8 na kuuzwa kwa watu 8 hairudi kuwa malisho bei ya nyama ikipanda mwaka ujao. Mabustani yaweza kung'olewa na kupandwa tena. Nyika iliyokatwa ni kama chungu kilichovunjika. Kwa hiyo anayepima faida ya leo hana budi kuongeza katika gharama ile milango yote ambayo haitafunguka tena. Hatujapata kuona afisi ya serikali iliyofanya hesabu hiyo kwa Kajiado.

Mara moja, katika kumbukumbu yetu, kuna watu waliojaribu. Mwaka 2000 wahifadhi wa wanyamapori walianzisha mpango wa kuwalipa wenye ardhi kusini mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi dola 4 kwa kila ekari kwa mwaka, takriban shilingi 300 za wakati ule, wasijenge ua, wasiuze, wawaachie nyumbu na pundamilia njia yao. Malipo yalitolewa mara tatu kwa mwaka, kufuata mihula ya shule, ili fedha ziangukie karo. Mtalii ni mauzo ya nje ambayo hayapandi meli: hulipa kwa dola kumwona mnyama ambaye msimu wa mvua hulala kwetu. Kabla ya hapo aliyefaidi dola hiyo na aliyepoteza majani hawakuwa wamekutana mezani. Dola 4 zilikuwa kidogo mno kando ya bei ya kiwanja, mpango ulitegemea sadaka za wafadhili, na nyumbu, waliokuwa makumi ya maelfu mwishoni mwa miaka ya 1970, wamebaki sehemu ndogo. Hata hivyo mwenye ardhi aliitwa, akaambiwa anaombwa kuacha nini, akatajiwa bei, na akawa na uhuru wa kukataa. Tunaomba serikali ya Jamhuri ifikie kiwango cha mpango huo mdogo.

Maana mikataba mikubwa haikufanywa hivyo. Maua yanaleta fedha za kigeni na mishahara, hasa kwa akina mama wa Isinya na Kitengela, na asiyeheshimu mshahara wa mama aliyesimama kutwa nzima akifunga waridi hana la kutufundisha. Lakini tukumbuke mwaka 2014. Makubaliano na Ulaya yalichelewa, na kuanzia Oktoba hadi Desemba maua yetu yakatozwa ushuru huko. Wenye mashamba walilia, na kilio chao kilisikika upesi Nairobi. Tangu hapo kila aliyeuliza swali kuhusu mkataba aliambiwa asihatarishe maua. Tanzania ilikataa kutia saini, ikisema viwanda vyake vichanga vitasongwa. Mwishowe Kenya ikaenda peke yake: ilitia saini mkataba wa ushirikiano wa kiuchumi na Umoja wa Ulaya Desemba 2023, na ukaanza kutumika Julai 2024. Kwa mkataba huo tutafungua soko letu kwa bidhaa nyingi za Ulaya hatua kwa hatua katika muda wa hadi miaka 25, ingawa baadhi ya mazao yamewekwa kando.

Yawezekana ni mkataba mzuri. Hatuwezi kuapa kwamba ni mbaya. Tunachouliza ni gharama yake ya fursa, na hiyo haiko Ulaya. Iko hapa kwenye barabara ya Namanga. Uganda ni miongoni mwa wanunuzi wetu wakubwa kabisa, na Tanzania hununua bidhaa za viwanda vyetu.  Tukiingia soko la mbali kwa namna inayowafanya majirani watushuku, je, kila waridi tunaloliuza Amsterdam linagharimu mifuko mingapi ya saruji isiyouzwa Arusha? Huenda jibu ni sufuri. Huenda si sufuri. Mtu aliyetia saini kwa niaba yetu anapaswa kuwa na tarakimu, na kama anayo, ni yetu.

Hata viwanda vya Athi River vinatupa funzo hilo hilo. Sheria ya mwaka 1990 ilitenga eneo la kutengeneza bidhaa za kuuza nje, wenye viwanda wakasamehewa kodi ya mapato kwa miaka 10, na kuanzia mwaka 2000 mashati yakaenda Marekani bila ushuru chini ya sheria ya AGOA. Kitambaa kingi kilitoka Asia. Chetu kilikuwa sindano na kidole. Mwaka 2005 migao ya nguo duniani ilipoondolewa, baadhi ya viwanda vikafunga. Dirisha linalofunguliwa na kufungwa na Bunge la nchi nyingine si mahali pa kuweka meza yako ya chakula, ingawa waweza kulipokelea vitafunio.

Kwa hivyo madai yetu. Katiba ya 2010 inasema mkataba uliothibitishwa ni sehemu ya sheria za Kenya, na sheria ya mwaka 2012 inautaka ushirikishaji wa wananchi kabla ya kuthibitishwa. Tunataka kila mkataba wa biashara upelekwe Bungeni pamoja na maelezo ya kile kinachoachwa: kaunti gani, kazi gani, ardhi gani, na nani atakayelipwa kwa hasara hiyo, kwa muda gani. Tunataka Bunge la Kaunti ya Kajiado lipate hesabu hiyo kwa malisho ya Kaputiei kabla ya kupitisha ugawaji mwingine wowote wa ardhi ya kilimo na mifugo. Tunataka saini ya mke katika uuzaji wa ardhi ya jamaa isiwe muhuri wa kugongwa na karani. Aitwe, aketi, aulizwe.

Na tunataka nakala ya mkataba wa Ulaya, moja ya Kiswahili na moja ya Kimaasai, iwekwe katika afisi ya chifu hapa Kisaju, mezani, si kabatini. Wazee ambao macho yao yamechoka watasomewa na wajukuu wao, ukurasa baada ya ukurasa, hata ikichukua msimu mzima.